Ile mashine ya mimba inaweza kuangalia kichwa pia

Hapa Kitengela ukisema unaenda kupigwa ultrasaundi, swali ni moja tu: mimba ni ya miezi mingapi? Hata mimi nilijua hivyo, hadi binti wa jirani yetu, miaka sita, akaamka asubuhi moja mkono wa kulia hauinuki na mdomo umeenda upande. Kiharusi. Mtoto wa miaka sita, aisee. Ana selimundu, na kliniki hakuwa anakosa. Damu ilipimwa kila mara. Kichwa hakuna aliyewahi kukiangalia.

Na njia ya kukiangalia ni nzee kutuliko. Mwaka wa 1982, kule Bern, Uswisi, Rune Aaslid alionyesha kwamba mawimbi ya sauti yanaweza kupenya mfupa mwembamba wa panja na kupima kasi ya damu ndani ya ubongo. Hakuna sindano, hakuna kupasuliwa. Mshipa ukibana, damu inakimbia pale, kama maji ukifinya mdomo wa paipu. Halafu 1998, Robert Adams na wenzake Marekani wakatoa matokeo: watoto wa selimundu ambao damu ilikuwa inakimbia sentimita 200 kwa sekunde au zaidi, wakiongezewa damu mara kwa mara, hatari ya kiharusi ilishuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Usiniambie hayo ni ya majuu. Kilifi, miaka ya 1990, Charles Newton na wenzake walikuwa tayari wanawapima hivyo watoto wenye malaria ya ubongo. Mwaka wa 2009 ukatoka utafiti wa watoto wa selimundu wa hapo hapo Kilifi, ukiongozwa na Julie Makani, daktari Mtanzania. Na kwa sababu damu ya kuongezewa huku kwetu ni shida, kule Bugando, Mwanza, watoto wenye kasi kubwa walipewa dawa ya haidroksiyurea. Kasi ikashuka.

Kwa hivyo watoto wetu walishalazwa vitandani wakapimwa ili dunia ijue. Selimundu iko sana Magharibi na Pwani, na nusu ya ploti yetu ni watu wa huko. Kaunti ya Kajiado ikimfunza hata mtu mmoja kazi hii, mimi nitamshukuru hadharani.

Binti sasa anajifunza kuandika na kushoto. Juzi nikimpeleka mazoezi ya mkono, tulipita mabango matatu ya ultrasaundi kabla tufike steji. Yote yana picha ya mama mjamzito.