Engo

Mpiga picha wa harusi akikuambia "sogea huku, nikupate engo nzuri", anataja kile ambacho mwalimu wa hesabu hukiita pembe. Kwenye filamu, engo ni upande na kimo ambacho kamera inamtazamia mhusika. Ikimtazama kutoka chini, anaonekana mkubwa, mwenye amri. Ikimtazama kutoka juu, ananywea. Ndiyo kanuni ambayo kila mwanafunzi wa filamu huianzia.

Lakini itazame Citizen Kane, filamu ya Marekani ya mwaka 1941. Kane, mhusika mkuu, ameshindwa uchaguzi wa ugavana. Ni usiku, ofisi imejaa mabaki ya kampeni, na rafiki yake Leland anaingia amelewa kumweleza ukweli. Kwa kanuni ile, Kane angepigwa kutoka juu. Mwongozaji Orson Welles na mpiga picha wake, Gregg Toland, walifanya kinyume: walitoboa sakafu ya seti ili kamera ishuke hadi usawa wa nyayo. Kane anajaa kwenye skrini, dari imemkalia kichwani, na ukubwa ule ule unamfanya mpweke, mtu mzito asiye na pa kwenda.

Kwa hiyo engo haina maana moja ya kudumu; kisa ndicho kinachoipa maana. Waongozaji wetu, kabla ya kuulizia bei ya kamera, ulizeni kwanza mhusika amepatwa na nini.