Kamehameha Bila Padi: Gemu Mbovu Yenye Wazo Zuri

Nitasema hivi kisha tubishane vizuri: Dragon Ball Z for Kinect ni gemu mbovu, lakini wazo lililokuwa ndani yake ni zuri kuliko la gemu nyingi tunazozisifu. Watu wakiitaja leo ni kwa kicheko tu. Mimi naona inafaa kuangaliwa kama historia, kwa sababu inajaribu kujibu swali ambalo gemu za kupigana zimejiuliza tangu miaka ya 80: mbona nirushe ngumi kwa kidole gumba wakati nina mkono mzima?

Wengi wetu tunafikiri mambo haya yalianza na Wii. Wapi! Rudi nyuma hadi 1987. Street Fighter ya kwanza kabisa ya Capcom ilikuwa na toleo la mashine ya kifahari lenye vitufe viwili vikubwa vilivyohisi nguvu ya mkono. Hukuvibonyeza, ulivitwanga. Ukitwanga kidogo, jamaa yako kwenye skrini anapiga kidogo. Ukitwanga sana, anapiga sana. Sasa fikiria mashine hiyo ikiwa ukumbini, vijana wamejipanga foleni, kila mmoja anataka ngumi kali. Mikono inauma, vitufe vinachakaa. Kulikuwa na toleo la pili la mashine hiyo lenye vitufe 6 vya kawaida, vitatu vya ngumi na vitatu vya teke, na hilo ndilo lililobaki. Street Fighter II ilipoteka dunia mwaka wa 1991, iliiteka kwa vitufe 6. Kwa hivyo mwili ulikuwepo mwanzoni kabisa, halafu ukaondolewa ukumbini.

Mwaka wa 1993 Sega wakajaribu kuurudisha. Walitoa kifaa kilichoitwa Activator: fremu ya pembe nane unayoilaza sakafuni kisha unasimama katikati yake. Ilirusha miale ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho, na ukiikatiza kwa mkono au mguu, gemu inaelewa umebonyeza kitufe. Upande huu ni kitufe hiki, upande ule ni kile. Ukiangalia vizuri, hapo hakuna kupigana. Ni kubonyeza vitufe kwa mguu tu, na ni kazi ngumu kuliko kutumia kidole. Haikuenda popote.

Sasa tuingie kwa Dragon Ball, maana hapo ndipo wazo hili lilipopata mahali pa kukaa. Akira Toriyama alichora hadithi hiyo katika jarida la Weekly Shōnen Jump kuanzia 1984 hadi 1995, na shambulizi lake maarufu ni Kamehameha. Hata asiyefuata anime anaijua: viganja viwili vinakutana kando ya kiuno, unavuta pumzi, unalitaja jina polepole, halafu unasukuma mikono mbele. Mtaani tulikokulia kila mtoto aliirusha, na hata wewe unayesoma hapa uliirusha, usijifanye. Hakuna aliyefundishwa na hakuna aliyehitaji umeme. Shambulizi hilo lilikuwa la mwili kwanza kabla halijawa la gemu. Kisha ukikaa na padi, ishara yote ile inageuka vitufe viwili au vitatu, basi. Kuna kitu kinapotea hapo.

Wii ilipotoka Marekani tarehe 19 Novemba 2006, Dragon Ball Z: Budokai Tenkaichi 2 ilikuwa miongoni mwa gemu zake za kwanza. Ilitengenezwa na Spike, na walifanya jambo la akili sana. Kutembea, kukinga na kupiga ngumi ndogo ndogo vilibaki vitufeni. Lakini ukitaka Kamehameha, unashikilia kitufe, unarudisha mikono yote miwili nyuma, halafu unaisukuma mbele kuelekea skrini. Ile ile ya mtaani. Mtu ambaye hajawahi kushika gemu anaelekezwa kwa sentensi moja na anaipata. Mwaka uliofuata ikaja Budokai Tenkaichi 3 ikiwa na wapiganaji 161 ukihesabu na maumbo yao yote, na ishara hiyo ikabaki.

Kasoro? Zilikuwepo. Rimoti ya Wii ya wakati huo ilihisi kasi ya mtikisiko, lakini haikujua mkono wako uko wapi hasa. Ilikuwa inakisia. Ukiwa na haraka inaweza kukosea kusudi lako, na kwenye gemu ya kupigana haraka ndiyo hali ya kawaida. Angalia pia Bleach: Shattered Blade, iliyofika Marekani 2007. Hiyo iliweka mapigo ya upanga mkononi, rimoti ndiyo upanga, na unajikuta unatikisa mkono ovyo huku mkakati umeusahau. Lakini Tenkaichi ilikuwa na mlango wa nyuma: ungeweza kuchomeka padi ya GameCube na kucheza bila kutikisa chochote. Spike walijua mwendo ni raha, na walijua pia kuna siku mtu anataka kushinda tu.

Halafu ikaja Kinect. Microsoft waliitoa Novemba 2010 kwa ajili ya Xbox 360, na ndani ya siku 60 za kwanza ziliuzwa milioni 8, rekodi iliyoingia kwenye Guinness. Hapa hakuna rimoti hata moja. Kifaa kinatupa vidoti vya infraredi chumbani, kamera inapima umbali wa kila kitu, kisha programu inakisia kichwa kiko wapi, bega liko wapi, goti liko wapi. Sasa mashine ilikuwa inaona mwili wako wenyewe. Ungekuwa mwenye Dragon Ball mwaka huo ungefikiria nini? Bila shaka ungefikiria Kamehameha.

Oktoba 2012, Namco Bandai wakaileta Dragon Ball Z for Kinect, kutoka kwa Spike Chunsoft. Unasimama mbele ya TV na adui yuko mbele yako. Unarusha ngumi, naye Goku anarusha. Unajikinga kwa mikono, unahama kando kukwepa, unainua mikono juu kukusanya Spirit Bomb. Na ndiyo, Kamehameha unaifanya yote, kuanzia kiunoni.

Niwape haki yao. Dakika kumi za kwanza za gemu hiyo hazina mfano. Ile ndoto ya kila mtoto, kwamba siku moja mikono yako itasukuma na kitu kitoke, hapo inatimia. Halafu inafungua mlango kwa watu ambao padi huwafukuza. Mpe mamako padi ya vitufe zaidi ya kumi uone. Lakini mwambie arushe ngumi, atarusha, na pengine atakushinda kelele. Wii iliuza zaidi ya milioni 100 kwa sababu hiyo hiyo: iliwaita watu ambao hakuna aliyekuwa amewaita.

Sasa kasoro, na hapa sitapaka mafuta. Ya kwanza ni muda. Gemu ya kupigana inahesabu wakati kwa fremu, na sekunde moja ina fremu 60. Ngumi nyepesi ya Street Fighter inaweza kuanza kuumiza kwenye fremu ya tatu au ya nne. Kamera ya Kinect ilikuwa ikipiga picha 30 kwa sekunde, kisha programu ichambue kila picha. Tena mashine haiwezi kujua umerusha ngumi mpaka ngumi iwe imesafiri. Kitufe kinashuka milimita chache, mkono unasafiri nusu mita. Kwa hivyo watengenezaji walilazimika kupunguza mwendo wa pambano ili gemu ikusubiri. Dragon Ball inayokusubiri! Hadithi ambayo wapiganaji wake huenda kasi mpaka macho hayawaoni.

Ya pili ni kurudiarudia. Ngumi, ngumi, ngumi, kinga, shambulizi kubwa, halafu anza tena. Tenkaichi kwenye Wii iliitunza ishara kama pilau ya sikukuu. Hii ikatupikia pilau asubuhi, mchana na jioni, na mabega yakakataa kabla ya hamu kuisha. Juu ya hayo, sehemu kubwa ya picha zake zilitoka kwenye Ultimate Tenkaichi ya mwaka uliotangulia, kwa hivyo shabiki alikuwa ananunua sura alizokwisha kuziona.

Ya tatu ndiyo kubwa kwangu, na sioni watu wakiizungumzia sana: hakuna mchezaji wa pili. Unapigana na kompyuta peke yako. Gemu ya kupigana kamili imetoka, na huwezi kupigana na rafiki yako!

Nieleze kwa nini jambo hilo linaniuma. Ukienda kwenye vibanda vya PlayStation hapa Kenya, vile vya benchi moja na TV mbili tatu, unalipa kwa mechi na anayeshindwa anampisha anayengoja. Mmebanana bega kwa bega, na nyuma yenu kuna makocha watano ambao hakuna aliyewaajiri. Tekken na Mortal Kombat ziliishi pale kwa sababu ya huyo jamaa wa kando yako. Unamsoma, naye anakusoma. Ukimshinda, anajua ni wewe umemshinda, wala hawezi kusingizia kamera. Hiyo imani kwamba nilichobonyeza ndicho kilichotokea, kwangu na kwako sawasawa, ndiyo inayofanya ushindi uwe na maana. Kinect ilitaka karibu mita mbili za nafasi tupu mbele ya TV. Kwenye kibanda, mita mbili ni wateja sita. Na jamaa asiyeweza kusimama, anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye kwa padi anawanyorosha wote pale, gemu hii ilimwambia nini? Ilimwambia hii si yako.

Ndiyo maana sikubaliani na wanaosema mwendo ni upuuzi, wala na wanaosema teknolojia ilikuwa changa tu. Tukiifuata historia yote hii, naona jambo moja: mwili unafaa kwa ule wakati mkubwa mmoja, na vitufe vinafaa kwa yale mambo mia madogo yanayotangulia. Street Fighter ya 1987 iliupa mwili kila ngumi, haikudumu. Activator iliupa mwili kila kitufe, haikudumu. Dragon Ball Z for Kinect iliupa mwili kila kitu kisha ikamwondoa mpinzani. Iliyokumbukwa kwa mapenzi ni Tenkaichi, iliyoupa mwili Kamehameha na kukuachia uchaguzi.

Microsoft walithibitisha mwaka wa 2017 kwamba wameacha kutengeneza Kinect. Lakini wazo halikuzikwa. Dragon Ball: Sparking! Zero, mrithi wa Tenkaichi, ilitoka 2024 kwa padi, na ilipohamia kwenye Switch mwaka wa 2025 ikarudi na mwendo: unashika Joy-Con mbili, unavuta nyuma, unasukuma. Ukitaka. Usipotaka, vitufe vipo.

Hilo neno "ukitaka" limechukua karibu miaka 40 kueleweka. Watengenezaji wanaokuja, tafadhali msilisahau. Na tafadhali zaidi, mwachieni jamaa wa kando yangu nafasi yake kwenye benchi.