Bi Harusi na Mashoga Zake Wakishuka Mombasa, Wale Wapi?

Mtindo umefika hata kwetu Ganze: wiki moja au mbili kabla ya nikaha, bi harusi na mashoga zake wanashuka mjini kula na kupiga picha. Mimi siupingi. Mwanamke akishaolewa, kupata siku nzima na wenzake si rahisi tena. Ninachokipinga ni watu kukopa ili wakale hotelini. Ukame ukibana, mbuzi mmoja ndiye karo ya mtoto, na nimeona wasichana wakijitoa safarini kwa kisingizio cha homa, kumbe mchango umewashinda. Kwa hivyo orodha hii nimeipanga kwa kipimo kimoja: mwenye mfuko mwembamba kuliko wote naye aweze kuja.

Mji wenyewe ni Mombasa. Kutoka Kilifi ni kama kilomita 60, na ukishavuka daraja la Nyali uko kisiwani. Chakula kizuri kingi kiko Mji wa Kale na pembezoni mwake, mwendo wa miguu kutoka Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593.

Asubuhi. Tokeni Ganze alfajiri ili muwahi mahamri na mbaazi za nazi. Hiki ni chakula cha asubuhi. Mkichelewa mtakuta sufuria tupu. Wauzaji wa vichochoroni wana vitumbua na mkate wa sinia pia. Shibeni hapa, maana ndipo pesa kidogo hununua kingi.

Kabla ya adhuhuri. Pitieni Marikiti, soko lililojengwa mwaka 1914. Iliki, karafuu, mdalasini na bizari za pilau ya harusi zinapatikana hapo, na safari inakuwa imefanya kazi mbili. Achari na mabuyu ya rangi ndiyo zawadi ya wadogo waliobaki nyumbani. Ulizeni bei kwenye vibanda viwili au vitatu kabla ya kutoa pesa.

Mchana. Island Dishes, Barabara ya Kibokoni, inajulikana kwa vyakula vya Kiswahili: biriani, pilau, samaki wa nazi. Wanaotaka nyama ya kuchoma kwa makaa waende Tarboush, Barabara ya Makadara, kwa mishkaki na shawarma. Msiagize kila mtu sahani yake. Wekeni vyakula vinne vitano katikati mle pamoja, kama tunavyokula nyumbani. Kila mmoja ataonja vyote na bili itapungua.

Alasiri. Mama Ngina, ufukweni, mahali palipokarabatiwa na kufunguliwa upya mwaka 2019. Hapa kuna madafu, muhogo wa pilipili na ndimu, kachri, na viazi karai vya kuchovya kwenye ukwaju. Kukaa mkitazama meli zinazoingia bandarini ni bure, na picha zinatoka nzuri kuliko za hotelini.

Mambo ya kuangalia. Siku ya Ijumaa, mikahawa mingi husimama wakati wa swala. Mwezi wa Ramadhani mingi hufungwa mchana, na uhondo huanza baada ya futari. Mji wa Kale ni mitaa ya watu wanaoishi humo: vaeni kwa staha, na ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha mlangoni pa mtu. Ulizieni mapema gari la mwisho la kutoka Kilifi kwenda Ganze. Kama hamwezi kuliwahi, laleni kwa shangazi au khalati, na wazazi wajue mapema. Somo wa bi harusi akifuatana nanyi, wazee nao hutulia.

La mwisho ni mchango, na hili namwachia bi harusi mwenyewe. Usitangaze kiwango kwenye kundi la simu halafu ukangoja anayeshindwa ajitoe. Mwendee kando yule unayejua hali yake, umuulize anaweza ngapi, na hicho ndicho kiwe kiwango cha wote. Mwenye zaidi atanunua madafu.