Kabla Uchague Mtaa Nairobi, Jua Nani Aliuchora

Swali ninaloulizwa sana na vijana wa kwetu, kuanzia Litein hadi Sotik, ni hili: "Nimepata kazi Nairobi, mtaa gani una keja za bei rahisi?" Swali ni poa, ila limeacha kitu nje. Mtaa hauwi rahisi kwa bahati. Kuna watu waliamua zamani nani alale wapi, na wewe leo unalipa kodi ndani ya uamuzi huo. Mimi chuo sikumaliza, lakini historia hii haihitaji digrii.

Tuanze nyumbani, maana sisi wa majani chai tunaielewa hii kitu kuliko watu wa mjini. Mwaka wa 1919, baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ya kikoloni ilitenga ardhi kubwa Kericho kwa maofisa Waingereza waliojeruhiwa vitani. Mpango wao wa kulima kitani ukaanguka. Katikati ya miaka ya 1920 kampuni kubwa zikaingia na chai: Brooke Bond, halafu James Finlay. Sasa majani hayangojei mtu. Yanachumwa na kurudiwa mwaka mzima, mvua au jua, kwa hivyo mchumaji alihitajika karibu. Wafanyakazi wengi walitoka mbali, Nyanza na Magharibi, na kampuni zikawajengea kambi katikati ya mashamba.

Kambi ina raha yake. Huna landilodi wa kukubishia mlango tarehe tano. Kazini unaenda kwa miguu. Lakini nyumba ni ya kazi, si yako. Kazi ikiisha unafunga virago, hata kama watoto wako wote wamezaliwa hapo. Ndiyo maana mashine za kuchuma chai zilileta hasira kubwa hivyo, hadi Mei 2023 zingine zikachomwa Kericho. Kwa mtu wa kambi, mashine haichukui mshahara peke yake. Inachukua na paa.

Haya, shika hiyo picha, tupande matatu hadi Nairobi.

Reli ilifika hapo 1899 na mji ukaota kando yake. Wazungu wakachukua upande wa juu, magharibi na kaskazini, wenye udongo mwekundu na hewa baridi: Muthaiga, Kileleshwa, baadaye Karen. Wahindi wakawa Ngara na Parklands. Mwafrika akasukumwa mashariki, kwenye tambarare ya udongo mweusi unaonata, karibu na reli na viwanda. Pumwani ilianzishwa mwanzoni mwa miaka ya 1920 kama mtaa rasmi wa Waafrika. Kariokor ilipata jina lake kutoka Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa vita. Pangani ya zamani ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wengi wakahamishiwa Shauri Moyo. Kaloleni ikajengwa miaka ya 1940.

Wazo lilikuwa lile lile la kambi. Mwafrika alionekana ni mfanyakazi wa kupita: mwanaume peke yake, kipande shingoni, kitanda kimoja, familia ibaki kijijini. Uhuru ulipokuja 1963, rangi ya ngozi iliacha kuamua nani aishi wapi, na pesa ikachukua hiyo kazi. Mistari kwenye ramani ilibaki pale pale.

Sasa angalia wale ambao hawakupangiwa nyumba. Kibera ilianza kama makao ya askari Wanubi na familia zao, ikakua hadi ilivyo leo. Kawangware iko kando ya Lavington, Kangemi jirani ya Westlands, Mukuru ubavuni mwa Industrial Area. Unaona? Watu hawakuchagua matope na mabati kwa ujinga. Walichagua kutembea kwenda kazini. Walijua hesabu ambayo wengi wetu tunairuka.

Hesabu yenyewe ni hii. Tuseme keja ya kwanza ni 5,000 lakini nauli ni 100 kwenda na 100 kurudi, siku 26 kwa mwezi. Hiyo ni 5,200 ya matatu, jumla 10,200. Keja ya pili ni 8,500 na unatembea kwa miguu. Keja ya 8,500 ndiyo rahisi, na hatujahesabu saa tatu kwa siku ukiwa kwenye jam, wala siku ya mvua ambapo nauli hupanda ghafla.

Kwa hivyo usianze na mtaa. Anza na mlango wa kazi yako, kisha fuata barabara ya matatu ukirudi nyuma hadi bei ikutoshe. Kazi ya Industrial Area inakuelekeza Eastlands au Pipeline. Kazi ya Westlands inakuelekeza Kangemi. Kazi ya Thika Road, angalia Zimmerman na Githurai. Rongai na Kitengela zina hewa na nafasi, lakini utazilipia kwa usingizi.

Ukienda kuona keja, nenda siku imenyesha. Ule udongo mweusi wa mashariki bado uko pale chini ya magorofa, na utakuambia ukweli ambao keateka hatakuambia. Usimuulize yeye kuhusu maji pia. Muulize jirani anayebeba mtungi.

Na kuna ofa moja ambayo inavutia sana mtu aliyetoka mbali: mwajiri anasema atakupa na pa kulala. Ukikosa pa kuanzia, chukua, hakuna aibu. Lakini jua umerudi kambi. Siku mkikosana, unapoteza kazi na kitanda asubuhi moja, halafu kwenu ni mbali, nyuma ya Mai Mahiu na Narok.

Kwa hivyo mshahara wa kwanza ukiingia, sabufa ingoje kidogo. Weka kando kodi ya mwezi mmoja, usiiguse. Wachumaji waliolala kambi miaka yote hiyo hawakupewa nafasi ya kuambia bosi hapana na bado wawe na pa kulala. Wewe unayo, hata kama ni bedsita ya gorofa ya sita bila lifti.