Maji ya Mji na Tuhuma za Watu: Kisa cha Mkataba wa Dar es Salaam

Katika kesi za maji walizotuhifadhia wanazuoni wetu, ni chache zilizotajwa mara nyingi kama ile ya Az-Zubayr bin Al-Awwam (R.A) na jirani yake wa Kiansari hapo Madina. Mfereji ulikuwa mmoja, ukiteremka kutoka Harra, nchi ya mawe meusi, kuelekea kwenye mitende ya watu. Shamba la Az-Zubayr lilikuwa juu, la Muansari chini. Muansari akataka maji yaachiwe yapite, Az-Zubayr akakataa, wakapelekana kwa Mtume (S.A.W). Hukumu ya kwanza ilikuwa ya suluhu: Az-Zubayr anyweshe, kisha amwachie jirani yake. Muansari akaghadhibika, akasema maneno yenye maana kwamba hukumu imekuwa hivyo kwa kuwa Az-Zubayr ni mtoto wa shangazi. Uso wa Mtume (S.A.W) ukabadilika. Ndipo ikatoka hukumu ya pili, iliyompa Az-Zubayr haki yake kamili: ayazuie maji mpaka yafike kwenye kingo za shamba, ndipo ayaachie. Kisa kimo katika Sahihi ya Al-Bukhari na vitabu vingine, na watu wa Madina wakakadiria kiwango kile kuwa ni maji kufika kwenye vifundo vya miguu.

Mara nyingi darsani tunakisoma kisa hiki kwa upande wa kuridhika na hukumu ya Mtume (S.A.W), na ndiyo haki yake. Lakini kina upande mwingine unaomhusu mwanahistoria. Ikiwa jambo la maji lilizaa tuhuma ya upendeleo mbele ya hakimu aliyehifadhiwa na makosa, basi tusistaajabu likizaa tuhuma mbele ya waziri, meneja au diwani. Na kilichobaki Madina baada ya siku ile kilikuwa kipimo. Hata mtoto aliweza kuingia shambani na kutazama kama maji yamefika kwenye vifundo au hayajafika.

Kwa jicho hilo nataka kukitazama kisa cha maji ya Dar es Salaam baina ya mwaka 2003 na 2008. Msomaji wa Mbinga anaweza kuuliza kinatuhusu nini. Sisi wa milimani maji hututeremkia, na mkulima wa Kimatengo anajua kuyazuia kwa ngoro zake, vishimo vile vya mteremkoni vinavyoifanya mvua itulie kabla haijaondoka na udongo. Jawabu ni kwamba vijana wetu wengi wako Dar es Salaam wakinunua maji kwa dumu, na hata sauti iliyotumika kuihimiza siasa ile ilitoka huku kwetu, kama itakavyokuja.

Mji ule hunywa zaidi mto Ruvu, unaopata maji yake mengi kutoka milima ya Uluguru. Mtambo wa Ruvu Juu ulijengwa mwaka 1959, na Ruvu Chini katikati ya miaka ya 1970. Mji ukakua, mabomba yakazeeka. Kufikia miaka ya 1990 zaidi ya nusu ya maji yaliyosafishwa yalikuwa hayaleti malipo: mengine yalivuja njiani, mengine yaliunganishwa kinyemela, mengine yalitumiwa na watu wasiolipa bili. Mitaa ya wanyonge ilitegemea visima, mikokoteni ya madumu na maboza, na aliyenunua kwa ndoo alilipa zaidi kwa kila lita kuliko jirani yake mwenye bomba. Hili ni la kukumbukwa na kila anayesema kwamba kabla ya wawekezaji hali ilikuwa njema. Haikuwa njema.

Mwaka 1997 iliundwa DAWASA, mamlaka ya maji safi na maji taka ya mji huo, na kuanzia hapo ikatafutwa kampuni binafsi ya kuuendesha mfumo. Wazo hilo halikuzaliwa Manzese wala Temeke. Lilikuwa miongoni mwa masharti yaliyoambatana na mikopo na msamaha wa madeni ya Tanzania. Ili watu waipokee siasa ya ubinafsishaji kwa jumla, serikali ya Uingereza iligharimia kampeni iliyoendeshwa na washauri wa Adam Smith International, na ndani yake kukawa na wimbo ulioimbwa na marehemu Kapteni John Komba, mtu wa Lituhi kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, aliyekuja kuwa mbunge wa Mbinga Magharibi. Wimbo uliufananisha ubinafsishaji na mvua kwa mimea iliyokauka. Sina neno na mwimbaji, kwani kila msanii ana kazi yake. Neno langu ni kwamba wimbo ulifika kila mahali, lakini mkataba wenyewe haukufika. Mwananchi aliambiwa afurahi kabla hajaambiwa nini kinapangishwa, kwa muda gani, na mpangaji akishindwa kutafanyika nini.

Kampuni tatu zilifuzu kushindana, na mbili kati yake zilikuwa vigogo vya Ufaransa. Siku ya kupeleka bei ilipofika, moja tu ndiyo iliyoleta: Biwater ya Uingereza pamoja na Gauff ya Ujerumani. Mnada wa mtu mmoja! Katika masoko yetu mnada wa namna hiyo haungeendelea, maana bei hujulikana kwa kushindanishwa. Hapa uliendelea. Zikaundwa hisa: Biwater Gauff asilimia 51, na kampuni ya hapa nchini, Superdoll, asilimia 49, na jina likawa City Water. Mkataba ulitiwa saini tarehe 19 Februari 2003 kwa miaka 10, na kazi ikaanza tarehe 1 Agosti mwaka huo. Nyuma yake kulikuwa na fedha za Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Afrika na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya, jumla dola milioni 140, za kukarabati na kupanua mfumo.

Kifiqhi hii ilikuwa ijara, haikuwa mauzo, na wengi walikosea hapo, wakasema mto umeuzwa. Mitambo na mabomba vilibaki mali ya DAWASA. City Water ilikodi, ikapewa kazi ya kuendesha, kusoma mita na kukusanya malipo, na ikawajibika kutoa kodi kila mwezi. Wanazuoni waliosema kwamba maji ya mto ni haki ya wote hawakukataza mwenye kuyachota, kuyasafisha na kuyafikisha mlangoni kupokea ujira wa kazi yake. Bei ya maji si tatizo la kwanza katika kisa hiki. Uthman bin Affan (R.A) aliinunua Bi'r Ruma kwa mali yake, kisima ambacho mwenyewe alikuwa akiwauzia watu maji, akakifanya wakfu wa Waislamu. Na huku kwetu Sayyid Barghash, aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, aliyaleta maji ya chemchemi mpaka Mji Mkongwe, watu wakachota bure. Lakini bure hiyo ililipiwa na mtu. Aliyelipa alijulikana, na alicholipia kilionekana kikitiririka.

Ndani ya City Water kilichoonekana kilikuwa kinyume. Kampuni ilitaraji makusanyo yatapanda. Hayakupanda kama ilivyohesabu, hata yalishindwa kufikia yale ya DAWASA iliyotangulia. Orodha ya wateja ilikuwa mbovu, na mfumo wake wa kutoa bili ulisumbua. Watu wakalalamika kwamba wanapelekewa bili za maji ambayo hawakuyaona, na walioshindwa kulipa wakakatiwa. Kampuni nayo ikalalamika kwamba takwimu ilizopewa wakati wa zabuni hazikuwa sawa. Katika mwaka 2004 ikawa hailipi kodi kama ilivyopaswa, ikataka masharti yabadilishwe na bei ipandishwe. Mazungumzo yakafanyika, wasuluhishi wakaingia, hayakuzaa kitu. Bomba la mwenye nyumba halikujua habari ya mazungumzo hayo, lilijua kukauka.

Kisha ukaja Mei 2005. Tarehe 13 marehemu Edward Lowassa, aliyekuwa Waziri wa Maji na Maendeleo ya Mifugo, alitangaza mbele ya waandishi wa habari kwamba mkataba umevunjwa. Siku chache baadaye aliwahutubia wafanyakazi katika mkutano wa hadhara. Msamaha wa kodi ya ongezeko la thamani ukaondolewa. Tarehe 1 Juni ofisi zikachukuliwa na mameneja wa kigeni wakafukuzwa nchini. Shirika jipya la serikali, DAWASCO, likashika kazi.

Wengi walishangilia, nao wana udhuru. Lakini pale pale ikaanza minong'ono mingine. Chama tawala kilikuwa kimempata mgombea wake wa urais mwanzoni mwa mwezi huo huo, na uchaguzi ulikuwa mbele. Watu wakauliza: kampuni imefukuzwa kwa kushindwa kazi, au kwa kuwa kura zinakaribia? Kwa nini waliopitisha zabuni ya mshindani mmoja hawaulizwi kitu? Disemba mwaka huo Lowassa akawa Waziri Mkuu. Februari 2008 akajiuzulu kufuatia ripoti ya kamati teule ya Bunge kuhusu mkataba mwingine, ule wa umeme wa Richmond, ingawa yeye mwenyewe alikana kosa. Basi mtu yule yule akatajwa vijiweni kwa sifa ya kuvunja mkataba mbaya na kwa lawama ya mkataba mwingine, na kila mmoja akachagua nusu ya habari iliyompendeza.

Ugomvi ulikwenda mbali. Biwater Gauff iliishitaki Tanzania katika kituo cha usuluhishi wa migogoro ya uwekezaji kilicho chini ya Benki ya Dunia, ICSID, chenye makao yake Washington. Taasisi tano, zikiwemo Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Mtandao wa Jinsia Tanzania na wanasheria wa mazingira wa LEAT, ziliomba kusikilizwa kwa kuwa shauri linahusu maji ya umma. Mwaka 2007 jopo liliziruhusu kupeleka maelezo kwa maandishi, na hilo lilikuwa jambo geni katika mashauri ya aina hiyo. Lakini hazikuruhusiwa kuhudhuria vikao wala kuziona nyaraka za kesi. Tazama, ndugu msomaji, ilivyokuwa: maji ya Dar es Salaam yanajadiliwa, na raia wake wanaandika barua kutoka nje ya mlango.

Mwanzoni mwa 2008 ikajulikana kwamba jopo jingine la usuluhishi, lililoshughulikia mkataba wenyewe, limeiamuru City Water kulipa takriban pauni milioni 3 kwa kuuvunja. Kisha tarehe 24 Julai 2008 ICSID ikatoa uamuzi wake. Ilisema Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda uwekezaji baina yake na Uingereza, kwa namna waziri alivyotangaza, ofisi zilivyotwaliwa na mameneja walivyoondolewa. Ikasema pia kwamba kampuni haistahili fidia hata senti moja, kwa sababu kufikia siku zile biashara yake ilikuwa haina thamani tena na mkataba ulikuwa unakwisha vyovyote iwavyo.

Magazeti mengine yaliandika kwamba Tanzania imeshinda, mengine kwamba imeshindwa, na yote yalikuwa na sehemu ya ukweli. Mwanafunzi wa fiqhi hatataabika kuuelewa uamuzi huo. Kadhi anaweza kuifikia haki ya mtu kwa njia ambayo si ya haki, nasi tukasema haki imefika na kadhi ana makosa. Mpangaji asiyelipa kodi anaondolewa kwa sharti lililoandikwa na kwa muda wa notisi uliokubaliwa. Haondolewi kwa mkutano wa hadhara. Serikali ilikuwa na hoja ya kutosha mkononi. Kwa haraka yake iliwapa watu sababu ya kudhani kwamba haina.

Al-Mawardi, aliyefariki mwaka 450 Hijria (1058), ana maneno katika mlango wa hisba ya kitabu chake Al-Ahkam As-Sultaniyya yanayostahili kusomwa na kila bodi ya maji. Anaeleza kwamba maji ya kunywa ya mji yakiharibika, kuyatengeneza ni juu ya Baitul Mal ikiwa ina mali, na ikiwa haina, jambo hurudi kwa watu wa mji wenye uwezo, ambao ndio wanufaikaji. Anayelisimamia hilo ni muhtasib, mtu aliyepo mjini, anayepita sokoni, ambaye watu wanamwona na kumlalamikia uso kwa uso. Mkataba wa 2003 ulimwondoa mtu huyo. Mwenye bomba kavu alipokwenda City Water aliambiwa mabomba ni mali ya DAWASA. Alipokwenda DAWASA aliambiwa uendeshaji uko City Water. Wote wawili walikuwa wakisema kweli kwa mujibu wa karatasi, na dumu la maji likabaki tupu.

DAWASCO nayo ilirithi mpangilio huo huo wa nyumba mbili, na malalamiko ya bili na ya uvujaji hayakuhama na Waingereza. Mwaka 2018 taasisi hizo mbili ziliunganishwa zikawa DAWASA moja. Mitambo ya Ruvu ilikuwa imeshapanuliwa, na maji yakafika mitaa ambayo haikuwahi kuyaona bombani. Ukame wa mwaka 2022 ulipoupunguza mto Ruvu, mgao ulirudi mjini, na minong'ono ya nani anapata na nani hapati ikarudi pamoja nao. Safari hii ilitolewa ratiba ya mgao, eneo kwa eneo, na kila mwenye bomba aliweza kusimama mbele ya bomba lake siku ya zamu akatazama kama maji yamekuja.