Simo za magari ya misuli: Kutoka majigambo ya vijana hadi ushahidi wa wazee

Wengi huichukulia simo kuwa lugha ya kupita. Vijana huizua, hutamba nayo misimu miwili mitatu, kisha huitupa wakishaota ndevu na kuanza kulipa kodi ya nyumba. Dhana hii ina ukweli, ila haitoshi. Zipo simo ambazo zimezeeka pamoja na wasemaji wake, na katika kuzeeka huko zikabadilisha kazi kabisa. Mfano bora ni msamiati wa wapenzi wa magari ya misuli ya Marekani.

Gari la misuli, kwa kifupi, ni gari la ukubwa wa kati, aghalabu la milango miwili na bei ya kadiri, lililotiwa injini kubwa ya silinda nane. Enzi yake ya dhahabu ilianza mwaka wa 1964 na kufifia mwanzoni mwa miaka ya 1970.

Tuanzie penye njama. General Motors ilikuwa imepiga marufuku magari yake ya ukubwa wa kati kutiwa injini inayozidi inchi 330 za ujazo, yaani takriban lita 5.4. Wahandisi wa Pontiac, tawi la kampuni hiyo hiyo, wakiwa na mhandisi mkuu John DeLorean, walikuwa na injini ya inchi 389 na hamu kubwa ya kuitumia. Wakafanyaje? Hawakuunda modeli mpya. Waliiorodhesha injini hiyo kama nyongeza ambayo mnunuzi wa gari la Tempest LeMans angeweza kuagiza kwa hiari yake. Nyongeza hiyo wakaiita GTO, herufi walizozichukua kwa Ferrari bila haya. Kampuni ilitarajia kuuza magari 5,000. Mwaka wa kwanza yakauzwa 32,450.

Vijana hawakuhangaika na Kiitaliano kilichofichwa ndani ya herufi hizo. Walizikoroga, wakachomeka irabu moja, wakapata ‘Goat’, yaani mbuzi. Hadi leo mwenye GTO husema ana mbuzi nyumbani, na wenzake hawamuulizi habari za malisho.

Ujanja wa pili ulipitia makaratasi ya ofisi. Chevrolet ilikuwa na utaratibu maalumu wa maagizo ya ofisi kuu uliokusudiwa wanunuzi wa magari mengi kwa pamoja, kama vile kampuni za teksi na idara za polisi. Mwaka wa 1969, wauzaji kadhaa, akiwemo Don Yenko wa Pennsylvania, waliutumia utaratibu huo kuagiza Camaro zenye injini ya inchi 427 ilhali marufuku wakati huo ilikomea inchi 400. Kifupisho cha utaratibu huo ni COPO, nacho hutamkwa kama neno moja. Mswahili akisikia kwamba mtu amelipa mamilioni kwa ajili ya ‘kopo’ atashika tama. Lakini miongoni mwa wapenzi wa Chevrolet, silabi hizo mbili huwafanya watu wazima kunong'ona.

Hata tarakimu zilisema uongo. Kampuni za bima zilikuwa zikiwatoza vijana fedha nyingi kulingana na nguvu za injini, na watengenezaji nao hawakuona haraka ya kutangaza nguvu zote. Ford iliandika kwamba injini yake ya 428 Cobra Jet ya mwaka wa 1968 ilikuwa na nguvu za farasi 335. Wajuzi walicheka. Walijua farasi wengine wamefichwa zizini.

Sehemu nyingine ya msamiati huu ilikuwa majigambo matupu. Injini ndogo ya Chevrolet ikaitwa ‘Mouse’, panya mdogo. Ile kubwa ikawa ‘Rat’, panya buku. Hemi ya Chrysler, iliyompa Richard Petty ushindi wa Daytona 500 mwaka wa 1964, ikaitwa tembo kwa ukubwa wake. Gia nne zenye mkono unaotoka sakafuni zikaitwa ‘four on the floor’, zikipingwa na ‘three on the tree’, gia tatu zenye mkono kwenye mhimili wa usukani. Ukitafsiri ‘nne sakafuni, tatu mtini’ maana inabaki lakini vina vinamwagika, na vina ndivyo vilivyoyaweka maneno hayo midomoni mwa watu.

Maana nazo zilihama. Oldsmobile 4-4-2, ambayo msomaji anaweza kudhani ni mpango wa kocha, mwaka wa 1964 ilimaanisha kabureta ya matundu manne, gia nne na ekzosi mbili. Mwaka uliofuata, tarakimu ya kwanza ikageuzwa kuashiria injini mpya ya inchi 400. Jina lilibaki lile lile, tafsiri ikabadilika.

Kisha sheria za hewa safi, gharama ya bima na mgogoro wa mafuta wa 1973 vikaizima karamu. Magari yakaozea ghalani. Miaka ikapita, vijana wale wakapata pesa na mvi, wakaanza kuyatafuta. Hapo ndipo simo ilipoajiriwa upya.

Neno kuu sasa likawa ‘numbers matching’: namba zilizogongwa kwenye injini ziafikiane na namba ya gari lenyewe. Lisilowahi kufumuliwa ni ‘survivor’, mnusurika. Lililovishwa sura ya gari adimu ni ‘clone’, pacha bandia. Na tapeli anayekwangua namba za injini na kugonga nyingine ana jina lake pia: amefanya ‘restamp’. Maneno haya si mzaha. Mwaka wa 2014, Plymouth Hemi 'Cuda ya 1971 isiyo na paa iliuzwa mnadani Seattle kwa dola milioni 3.5. Injini hiyo isingekuwa ya kweli, bei isingekaribia hapo.

Na hapa historia inatucheka. GTO za 1966 hadi 1971 huanza na namba 242, na mpenzi wa Pontiac huitaja kama anayetaja ukoo. Lakini za 1964 na 1965 namba zake hazisemi kitu, kwa sababu GTO wakati huo haikuwa modeli bali nyongeza tu. Hila iliyowapumbaza wakubwa wa kampuni ndiyo inayomsumbua leo mnunuzi mwaminifu. Anahitaji karatasi za kiwandani, na anahitaji mzee anayejua.

Basi tunapoziita simo uchafuzi wa lugha, tujiulize zinahifadhi nini. Simo za manamba na madereva wetu wa matatu nazo zinabeba habari za barabara, sheria na hila za wakati wake. Tusipoziandika wasemaji wakiwa hai, watakaokuja watakuta magari bila kujua yaliitwaje, wala kwa nini.