Hesabu ya Miganda ya Nafaka

Vijana wa shule yetu huniuliza mara kwa mara: hesabu za x, y na z zitamfaa nini mtu atakayefanya kazi ofisini? Mimi ni mtumishi wa serikali, nami napenda kuwajibu kwa historia.

Yapata miaka 2,000 iliyopita, wakati wa utawala wa Han, Wachina walikuwa na kitabu kiitwacho Jiuzhang Suanshu, yaani Sura Tisa za Hesabu. Humo mna maswali ya kupima mashamba, kuchimba mifereji na kugawanya kodi kwa haki. Hayo yote ni mambo ya ofisi. Sura ya nane inaanza na swali hili:

Miganda 3 ya nafaka bora, 2 ya wastani na 1 hafifu hutoa dou 39 (dou ni kipimo cha nafaka, kama pishi kwetu). Miganda 2 bora, 3 ya wastani na 1 hafifu hutoa dou 34. Mganda 1 bora, 2 ya wastani na 3 hafifu hutoa dou 26. Kila mganda hutoa dou ngapi?

Hawakuandika herufi. Walipanga vijiti katika safu tatu. Safu ya pili waliizidisha kwa 3, kisha wakaitoa safu ya kwanza mara mbili. Nafaka bora ikatoweka. Ikabaki miganda 5 ya wastani na 1 hafifu, dou 24. Wakaendelea hivyo hadi wakapata kwamba miganda 36 hafifu ni dou 99. Basi mganda hafifu ni dou 2¾, wa wastani 4¼, na bora 9¼.

Kutoa kulipozaa upungufu hawakukwama. Mwaka 263 Liu Hui, katika ufafanuzi wake wa kitabu hicho, alieleza kwamba vijiti vyekundu ni hesabu chanya na vyeusi ni hasi.

Leo njia hii huitwa kwa jina la Gauss, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1777. Alikuwa bingwa kweli, lakini alikuta njia imekwisha pitwa karne nyingi kabla yake.

Wanafunzi, fikirini: karani anayehesabu miganda yote kuwa sawa humwonea mkulima mwenye shamba baya. Nionavyo mimi, anayejua kutenganisha bora na hafifu kwa hesabu hana haja ya kukisia haki ya mtu. Hiyo ndiyo faida ya x, y na z.